Ukimwi, Moyo na Mwezi wa Kufunga



Wazazi wetu, walimu wetu na vijana wenzangu wa Subukia. Baada ya kumshukuru Allah (S.W.T.) kwa kutufikisha Ramadhani, nimepewa mada ambayo wengi huizungumza kwa kunong'ona. Simtaji mtu, na sitaki mtu ajitaje.

Serikali ilipotangaza ukimwi kuwa janga la taifa mwaka 1999, aliyeambiwa ana virusi alianza kuhesabu miezi. Mwaka 2006 ARV zikawa za bure katika hospitali za serikali. Alhamdulillahi, wengi walioanza dawa wakati ule leo wana wajukuu. Lakini mwenye virusi ana hatari ya mshtuko wa moyo au kiharusi karibu mara mbili ya asiye navyo.

Kwa nini? Hata virusi vikibanwa mpaka kipimo hakivioni, kinga ya mwili haitulii kabisa. Ni kama makaa chini ya majivu. Joto lile huumiza kuta za mishipa ya damu, na mafuta hupata pa kushika. Ongeza yale ya kila mtu: presha, sukari, unene, umri, sigara. ARV nyingine za zamani zilipandisha mafuta kwenye damu. Dolutegravir inayotumika sana sasa ni nzuri, ila wengine huongezeka kilo.

Sasa mtu asitoke hapa akaacha dawa! Utafiti wa SMART wa mwaka 2006, wenye watu zaidi ya 5,000, ulionyesha kwamba waliokuwa wakiacha na kurudia ARV walikufa zaidi na kuugua moyo zaidi.

Nasema hivi kwa sababu ya mwezi huu. Kuna anayeficha dawa kwa wakwe. Futari ni sinia moja, nyumba imejaa, anaona haya kumeza kidonge. Leo anaruka, kesho anaruka, mwezi unaisha. Dawa ya mara moja kwa siku humezwa futari au daku, saa ile ile kila siku. Wa mara mbili, na mwenye presha au sukari, aongee na daktari kabla ya kufunga. Mgonjwa ana ruhusa yake katika dini, na si kazi ya jirani kumchunguza.

Na futari zetu jamani! Sambusa, viazi karai, chai ya vijiko vinne vya sukari, kisha kijana anawasha sigara kabla ya tarawehe. Kwani uji, maharagwe na sukuma wiki vimeisha sokoni?

Ukimsindikiza mzazi kliniki, ombeni apimwe presha na sukari pia. Msiridhike kwamba virusi havionekani. Aliyefika miaka 40 aulize kuhusu statini, dawa za kupunguza mafuta ya damu. Utafiti uliotoka 2023, wa watu 7,769 katika nchi 12, jirani zetu Uganda wakiwemo, ulionyesha statini moja, pitavastatini, ikipunguza mshtuko wa moyo, kiharusi na mengine kama hayo kwa asilimia 35. Lakini usijinunulie dukani, maana statini nyingine hazipatani na baadhi ya ARV.

Mwenye swali la faragha aniandikie kwenye karatasi, bila jina, nami nitajibu kesho baada ya tarawehe inshaallah.