Maji ya ziwa ilifika wapi? Maneno kwa wanachama na wafadhili



Mwaka 2024 ziwa Tanganyika ilipanda, maji ikaingia ndani ya nyumba nyingi Uvira, Kalemie, mpaka Bujumbura. Kati yetu tuliorudi kutoka Nyarugusu na Lugufu, wengi wanaulizaka: hii ni laana? Ni kitu kipya?

Kwa kujibu, tuwaelezee njia ya mtu mmoja. Eduard Brückner alizaliwa mwaka 1862, mji wa Jena, Ujerumani. Alisoma jiografia. Akafika kuchunguza Bahari ya Kaspi, ambayo kweli ni ziwa kubwa lisilo na mto wa kutoka. Akaona maji yake inapanda na kushuka kufuatana na miaka ya mvua na ya ukame. Basi pale ambapo hakuna aliyepima mvua ya zamani, ziwa lenyewe linatunza habari. Akatafuta mashahidi wengine: siku watu walivuna zabibu, siku mito iliganda barafu. Mwaka 1890 akatoa kitabu juu ya mageuzi ya hali ya hewa tangu 1700. Alisema mvua na ukame zinarudi kila miaka 35 hivi. Hesabu ile haikusimama, lakini namna yake ya kutafuta inafuatwa mpaka leo.

Na kwetu? Mwaka 1876 Stanley alikuta mlango wa Lukuga, karibu na Kalemie, umezibwa na matete na matope. Ziwa lilikuwa juu sana. Kiisha maji ikavunja kile kizuizi, na mpaka miaka ya 1890 ziwa likashuka karibu metre 10. Mvua kubwa ya kuanzia 1961 ikalipandisha tena mpaka 1964. Maji mengi ya Tanganyika inaondoka kwa jua. Lukuga peke yake ndio mto unaoitoa. Kwa hiyo mvua ikizidi, ziwa linapanda, na kushuka kwake kunachukua miaka.

Kumbe si laana, na si mara ya kwanza. Shida yetu ni kwamba vita ilikata habari. Mtoto aliyezaliwa kambini hajaonyeshwa na babu yake mahali maji ilifika. Mzee aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1964 leo amepita 70. Tukichelewa, tutamuzika na habari yake.

Wanachama, kila kijiji kitembee na bazee wake kando ya ziwa, kiweke mawe pale maji ilifika 1964 na 2024, komite iandike. Wafadhili, tunaomba mabati na misumari ya nyumba zitakazojengwa juu ya ile alama, na musaada wa kununua parseli kule juu. Nyumba moja ijengwe mara moja.