Samaki Mnono, Yai Lenye Sumu

Jioni hii nataka tufikiri pamoja juu ya samaki, na juu ya maji wanamokaa.

Huko Marekani, katika jimbo la North Carolina, liko ziwa liitwalo Belews. Ni ziwa lililofanywa na watu, waliozuia kijito ili wapate maji ya kupoza mitambo ya umeme. Mitambo hiyo ilianza kazi mwaka 1974 kwa kuchoma makaa ya mawe. Majivu yake yalichanganywa na maji, yakamwagwa katika dimbwi ili yatuame, kisha maji ya juu yakaachwa yaingie ziwani. Ndani ya maji hayo mlikuwa na seleni, madini ambayo mwili huyahitaji kwa kiasi kidogo mno, na yakizidi huwa sumu.

Sikilizeni jinsi sumu hiyo ilivyopanda. Mimea midogo ya majini iliifyonza. Wadudu wakaila mimea, samaki wakawala wadudu, na kwa kila hatua sumu ikazidi, hata ikawa ndani ya samaki mara nyingi sana kuliko ilivyokuwa katika maji. Hata hivyo samaki wengi wakubwa walionekana wazima. Shida ilikuwa katika mayai. Mama aliitia sumu katika kiini cha yai, ambacho ni chakula cha kwanza cha mtoto wake. Vifaranga walitoka na migongo iliyopinda, wakafa. Wazee walipokwisha, hapakuwa na wa kushika nafasi zao. Kwa muda wa miaka michache tu, kati ya jamii 20 za samaki, 16 zilitoweka kabisa.

Maji yale ya majivu yalizuiwa katikati ya miaka ya 1980. Lakini mwaka 1996 vifaranga waliopinda walikuwa wakionekana bado, kwa maana sumu ilikuwa imelala katika tope.

Watu walijifunza. Tarehe 22 Desemba 2008, huko Kingston katika jimbo la Tennessee, ukuta wa dimbwi la majivu ulibomoka usiku. Zaidi ya mita za ujazo milioni 4 za majivu zilimwagika, nyingi zikaingia mto Emory, unaofika bwawa la Watts Bar. Wataalamu hawakuridhika kutazama kama samaki wangali wakiogelea. Kwa miaka kadhaa waliwavua, wakapima damu, wakachunguza ini na mayai, wakawalinganisha na samaki wa mahali pasipofikiwa na majivu. Hawakukuta maangamizi kama ya Belews. Lakini wasingaliweza kujua hivyo kwa kusimama ukingoni na kutazama.

Ndugu zangu, nabii Ezekieli, katika sura ya 34, aliwakemea kondoo wanono waliokunywa maji safi, kisha wakayavuruga kwa miguu yao, na wenzao wakabaki kunywa matope. Je, hatuwaoni kondoo hao leo? Mimi napata umeme, au faida ya kiwanda, au mazao mengi kwa dawa nilizonyunyizia, nami nimenona. Yuko wapi atakayekunywa matope yangu? Pengine hajazaliwa.

Basi, wewe mwenye kazi inayomwaga taka mtoni, usiseme, "Samaki wapo, hapana neno." Ita wenye ujuzi wapime, tena mapema, maana tope halisafishiki upesi. Nawe mvuvi, ukiona vifaranga wamepungua au wamepinda, usinyamaze kwa kuogopa kukosa wanunuzi. Peleka habari kwa afisa wa uvuvi.

Nasi wazazi tujiulize. Nyumba yetu yaweza kuonekana njema kanisani Jumapili, lakini ni nini tunachotia katika chakula cha kwanza cha roho za watoto wetu? Uchungu wa miaka mingi, fedha isiyo halali, uongo mdogo wa kila siku: hayo yaweza kukaa ndani yetu bila kutuangusha, yakaja kuwaangusha wao.

Tuombe. Ee Bwana, uliyeumba maji na vyote viendavyo ndani yake, utupe moyo wa kuchunguza yaliyofichika, na uwahurumie watakaokuja baada yetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.