Kompyuta Tulizozifungia Chumbani

(Mazungumzo na wazazi na viongozi wa vijana, Kitale)

Tunawashukuru wenzetu wa Bungoma waliopanda matatu alfajiri wakafika hapa kabla yetu sisi wenyeji.

Tumeombwa tuseme juu ya vijana na kompyuta. Tunajua wengine mmekuja mkitarajia tuwakemee vijana. Ngojeni kidogo. Kwanza tutajikemea sisi.

Katika parokia moja tunayoihudumia tuliletewa kompyuta nne zilizokwisha kutumika kwingine. Tulifurahi, zikabarikiwa, tukazipanga mezani, tukazifunika vitambaa vya kufuma kama viti vya sebuleni, kisha tukafunga mlango. Ufunguo tukakaa nao sisi. Tuliogopa vumbi, tuliogopa wezi, na kusema kweli tuliwaogopa watoto. Miaka miwili baadaye tulipofungua, hakuna hata moja iliyofanya kazi sawasawa. Hakuna mtoto aliyezigusa, na bado zikaharibika.

Aliyetuamsha ni kijana mmoja wa upande wa Kiminini. Baba yake alikuja ofisini kulalamika: mahindi yanangoja palizi, na huyu mtoto kajifungia ndani na redio mbovu na kompyuta kuukuu aliyoinunua kwa bei ya vyuma chakavu. "Huu ni uraibu ama ni ugonjwa?" mzee akatuuliza. Swali hilo lilitukaa. Shuleni tulifundishwa kwamba uraibu ni jambo alipendalo mtu, analolifanya akipumzika. Lakini tumbaku nayo huitwa uraibu! Mzee alitaka kujua mwanawe ameshikwa na upi.

Basi tukamwita kijana atazame zile mashine zetu. Akaja na bisibisi, brashi ya rangi na kifutio cha penseli. Jamani, tulidhani anatutania. Alichomoa waya wa umeme, akafungua ya kwanza, akapangusa vumbi lililoziba feni, kwani feni ikiziba mashine hupata joto kali na kujizima yenyewe. Akatoa kile kipande cha memori, akasugua meno yake kwa kifutio, akakirudisha. Ikawaka. Ya pili iliwaka, lakini tarehe yake ilikuwa imerudi nyuma miaka mingi. Kumbe ndani mna betri bapa kama sarafu inayoitunzia saa hata umeme ukikatika. Betri ikiisha, kompyuta husahau tarehe, na tarehe ikiwa si sahihi kurasa nyingi za intaneti hukataa kufunguka. Tukanunua betri mjini. Ya tatu ilimchukua siku nzima. Ya nne ilimshinda.

Haya hakuyasomea chuoni. Aliyajua kwa kuiharibu kwanza ile ya kwake.

Wazazi, msidhani uraibu ni mchezo tu. Hapa hapa Kitale mnalipita jumba la makumbusho. Chanzo chake ni mlowezi mmoja, Stoneham, aliyependa kukusanya wadudu, ndege na vitabu. Hakuna aliyemwajiri kwa kazi hiyo. Alifariki mwaka 1966 akaacha mkusanyo wake, na mwaka 1974 jumba likafunguliwa kwa wananchi. (Hatusemi walowezi walikuja kushika vipepeo, habari ya ardhi tunaijua.) Na mwaka 1991 kule Ufini mwanafunzi mmoja, Linus Torvalds, alitangaza kwamba anatunga programu ya kuendeshea kompyuta, akasema ni uraibu wake tu. Programu hiyo ndiyo Linux. Hutolewa bure, na simu zote za Android zimejengwa juu yake. Kijana wetu ndiyo aliyoiweka katika zile kompyuta tatu, maana mashine za zamani haziwezi kubeba programu nzito za siku hizi.

Lakini si kila anayekodolea kioo anajifunza. Yuko anayecheza kamari kwa simu usiku kucha mpaka karo ya mdogo wake inaisha. Huo ndio uraibu wa tumbaku, na hatuutetei. Ukitaka kujua wako ni upi, muulize: leo umefungua nini, umetengeneza nini? Mwenye jibu utamchoka kwa maneno, atakueleza mpaka ugali upoe.

Na yule mzee? Tulikaa naye tukaafikiana: palizi asubuhi, kompyuta baada ya saa nane. Hakutabasamu. Wiki iliyofuata alituma redio yake mwenyewe itengenezwe.

Wenzetu wa Bungoma, mlituambia pale kwenye chai kwamba nanyi mna chumba kama hicho, na ufunguo haujulikani uko kwa nani. Tafadhali mkifika nyumbani utafuteni kabla ya mvua, kwa sababu unyevu nao huua kompyuta kama vumbi.

Ufunguo wetu uko kwa katibu wa vijana. Chumba hufunguliwa kila Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya, na wasichana tunawataka pia, tena wakae mbele. Mnawe mikono. Ile kompyuta ya nne iko mezani bila kifuniko, na bisibisi iko kando. Hiyo mna ruhusa kuiharibu.