UGONJWA UKIJA TENA, MAMA WA BUGURUNI ATAJIFUNGULIA WAPI?



Mvua iliwazuia wengi kufika mkutano wa Jumapili, kwa hiyo tunawatumia hapa maneno yaliyosemwa kwenye ajenda ya uzazi. Wapo waliouliza kwa nini turudie habari za korona wakati imeshapita. Tunairudia kwa sababu hesabu yake hapa kwetu hatujaifunga.

Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa Machi 16, 2020. Mwezi uliofuata Hospitali ya Amana ikatengwa kwa wagonjwa wa korona. Uamuzi ule hatuulaumu, wagonjwa walihitaji pa kulazwa. Lakini Amana kwetu ndiyo rufaa. Kituo cha Afya Buguruni kikizidiwa, mama anakimbizwa Amana. Ilipotengwa, mama wa Malapa au Madenge alibaki kutazama Temeke, Mwananyamala au Muhimbili, na bei ya bajaji saa nane usiku mnaijua wenyewe.

Hofu nayo ikafanya kazi yake. Mjamzito anaogopa kuambukizwa kliniki, anaruka hudhurio la kwanza, la pili, presha inapanda na hakuna aliyeipima. Kifafa cha mimba hakisubiri mlipuko upite. Na korona yenyewe si ndogo kwake: akiugua, ni rahisi kuzidiwa kuliko mwanamke wa umri wake asiye na mimba, na mtoto anaweza kuzaliwa njiti au kufia tumboni. Uchambuzi wa tafiti za nchi nyingi uliotoka 2021 katika jarida la Lancet Global Health ulionyesha vifo vya watoto tumboni viliongezeka kwa zaidi ya robo.

Kwetu takwimu za korona zilisimama mwaka 2020, wagonjwa 509 na vifo 21. Tuseme tukiwa ndani ya nyumba yetu: daftari likifungwa katikati ya mwezi, hasara haionekani, ila ipo.

Majirani yaliwakuta kwa njia nyingine. Kenya waliweka kafyu ya usiku Machi 27, 2020, na uchungu haujui kafyu. Daktari wa Nairobi, Jemimah Kariuki, akaanzisha usafiri wa bure wa usiku kwa wajawazito. Uganda magari binafsi yalizuiwa, mjamzito akahitaji kibali cha mwakilishi wa Rais wilayani, mpaka Rais Museveni alipoliondoa sharti hilo mwezi Aprili. Sisi hatukufungiwa ndani, lakini mwenye uchungu asiye na pa kwenda ni yule yule.

Vifo vya uzazi nchini vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015/16 hadi 104 mwaka 2022. Tunajivunia, na tunaisema majukwaani. Basi tuyalinde, maana Marburg imeshapiga hodi Kagera mara mbili, 2023 na 2025.

Mkutano umeazimia tumwandikie Diwani alifikishe kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata: hospitali yetu ya rufaa ikitengwa tena kwa ugonjwa wowote, wananchi watangaziwe siku hiyo hiyo wajawazito wanakwenda wapi na kwa gari gani. Barua itasomwa kwenu kabla ya kupelekwa.

Dharura ya uzazi ikitokea, pigeni 115, M-mama, ni bure. Gari likichelewa ndipo bajaji ya shina itumike. Kila balozi atafute madereva wawili wanaokubali kuamshwa usiku kwa bei ya makubaliano, na asiyekuwa nayo atalipiwa na mfuko wa tawi, kwa risiti. Mfuko huo una kiasi kidogo, wenye kudaiwa ada mnajijua.

Mabalozi waleteni majina ya madereva na namba zao kwa Katibu kabla ya Ijumaa. Majina ya wajawazito msiyaandike wala kuyaweka humu kwenye kundi.

Katibu wa Tawi
Buguruni