Anayerudi Hadaiwi: Mazungumzo Juu ya Kupanda Mlima Kenya

(Mazungumzo yaliyotolewa kwa vikundi vya kujisaidia vya mitaa ya Eastlands, Nairobi)



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya safari ya Mlima Kenya. Siku hizi vikundi vyetu vingi, vya vijana na hata vya akina mama, vinaweka akiba ili kwenda kupanda milima. Walianza na Ngong, wakaenda Longonot, na sasa wanasema, "Twende Lenana." Hili ni jambo jema. Mtu anayeshinda Gikomba mwaka mzima akibeba mizigo ya mitumba ana haki ya kuiona nchi yake kutoka juu.

Lakini nimesikia mambo mawili yaliyonitia wasiwasi. La kwanza, kuna wanaotaka kwenda mwezi wa Aprili, kwa sababu shule zimefungwa na akiba imetimia. La pili, kuna wanaosema kwamba atakayeshindwa njiani atakuwa amekula pesa za wenzake. Jameni, mambo haya mawili yakikutana kule juu, yanaweza kuua mtu. Basi tuyazungumze hapa chini, tukiwa tumekaa na tunapumua vizuri.

Mlima wenyewe

Mlima Kenya una vilele vingi. Batian, mita 5,199, na Nelion, mita 5,188, ni vya watu wenye kamba na ujuzi wa kupanda miamba. Sisi wengine tunakwenda Lenana, mita 4,985, kwa miguu. Ni pale Kisoi Munyao alipoipandisha bendera yetu Kenya ilipopata uhuru, tarehe 12 Desemba 1963.

Eastlands tuko kwenye mita 1,600 hivi. Kila ukipanda mita 1,000, joto linapungua kama nyuzi 6. Pale Lenana hewa ni nyepesi, kama nusu tu ya ile ya Mombasa. Kwa hiyo hata kijana anayecheza mpira kila Jumapili atahema kama mzee, na si aibu.

Theluji na majira yake

Sisi huizoea theluji kwenye picha, nyeupe na tulivu. Kule juu inabadilika kwa majira, na pia kwa saa.

Mvua ya masika huanza Machi mpaka Mei, na ya vuli Oktoba mpaka Desemba. Wakati Nairobi inanyesha mvua na Kayole barabara ni matope, kule juu mvua hiyohiyo inaanguka ikiwa theluji. Inafunika njia na mawe. Unakanyaga ukidhani ni chini, kumbe ni shimo kati ya mawe mawili, na mguu unavunjika. Ukungu nao unaficha hata mwenzako aliye hatua chache mbele. Kwa hiyo Aprili si mwezi wa kupeleka watu ambao hawajawahi kukanyaga theluji.

Miezi mizuri ni Januari na Februari, halafu Julai mpaka Septemba. Hapa tena kuna jambo la kujua. Mwezi wa Agosti jua liko upande wa kaskazini, kwa hiyo theluji ya upande huo huyeyuka upesi na ya kusini hukaa. Januari ni kinyume. Njia ya Sirimon inapanda kutoka kaskazini, nayo haina mwinuko mkali mwanzoni kama njia ya Naro Moru, ambayo ina kinamasi kirefu kwenye mteremko. Wenye watoto wa shule wangefanya vizuri kungoja likizo ya Agosti na kupita Sirimon.

Halafu kuna saa za siku. Usiku kila kitu kinaganda. Changarawe iliyoganda inashika, mguu hauteleze nyuma, na ndiyo sababu viongozi wa njia huwaamsha watu saa nane au saa tisa za usiku. Lakini theluji iliyoganda asubuhi ni ngumu kama kioo, na anayeteleza juu yake hasimami kwa urahisi. Jua likishapanda, theluji inakuwa laini na miguu inazama, na changarawe inaanza kuporomoka. Mchana mara nyingi mawingu huja. Kwa hiyo asiyefika kwa wakati uliopangwa na ageuke, hata kama kilele anakiona.

Wengine wataniambia, "Lakini barafu ya Mlima Kenya si inaisha?" Kweli, inaisha. Halford Mackinder na wenzake walipofika Batian mwaka 1899 waliikuta barafu nyingi ya kudumu. Sehemu kubwa imekwisha, na barafu ya Lewis, iliyokuwa kubwa kuliko zote, imepungua na kugawanyika. Lakini hiyo ni barafu ya miaka mingi. Theluji mpya bado inaanguka, na mawe yaliyokuwa yameshikwa na barafu sasa yanalegea. Hatari haijaondoka, imebadilika tu.

Ugonjwa wa mlima

Ukipita mita 3,000, mwili unataka muda. Kichwa kinauma, chakula hakishuki, usingizi hauji. Hapo usipande zaidi mpaka upate nafuu. Lakini mtu akianza kuyumba kama mlevi, akisema maneno yasiyoeleweka, au akikohoa na kukosa pumzi hata akiwa amekaa, dawa yake ni moja: kumshusha mara moja, hata kama ni usiku. Usimwache alale "mpaka asubuhi tuone." Na asishuke peke yake.

Kwa njia ya Sirimon lango liko mita 2,650. Watu hulala Old Moses, mita 3,300, kisha Shipton, mita 4,200, halafu usiku wanapanda mita karibu 800 hadi Lenana. Vikundi vingi hupunguza siku ili kuokoa pesa. Naomba mfanye kinyume: ongezeni usiku mmoja wa kupumzika Shipton. Gharama yake ni ndogo kuliko jeneza.

Waliojua kugeuka

Mwaka 1943 Waitalia watatu waliokuwa wafungwa wa vita huko Nanyuki walitoroka kambini ili kupanda mlima waliokuwa wakiutazama kila siku kupitia nyaya. Aliyeandika habari zao ni Felice Benuzzi. Vyuma vya kukanyagia barafu walijitengenezea wenyewe, na chakula kilikuwa kidogo. Mmoja wao aliugua, akabaki kambi ya chini. Wawili walijaribu Batian, na ingawa ulikuwa mwezi wa Februari, wa kiangazi, theluji iliwapiga. Wakageuka. Baadaye walifika Lenana, wakaacha bendera yao, kisha wakarudi kambini kwa hiari yao wakafungwa tena.

Angalieni: watu waliohatarisha kupigwa risasi kwa ajili ya mlima ule, bado walikubali kugeuka theluji ilipowazuia. Sisi tunaokwenda kwa matatu na akiba ya chama, tutashindwaje?

Mavazi na fedha

Suruali ya jinzi iache nyumbani. Ikilowa haikauki, na inaunyonya mwili joto. Gikomba utapata sweta za sufu, koti lisilopitisha maji, glavu na kofia kwa bei nafuu. Nunueni miwani ya jua pia, maana mwanga unaoruka kutoka kwenye theluji unaunguza macho, hata yetu sisi weusi. Chupa za maji zile za kutupa haziruhusiwi kuingia mbugani tangu Juni 2020.

Tafuteni viongozi wa njia wenye kitambulisho cha Shirika la Wanyamapori, KWS. Wawe angalau wawili, ili mmoja akimshusha mgonjwa, mwingine abaki na kundi. Mpagazi apewe mzigo wa haki, na alipwe kama mlivyopatana. Yeye pia ana watoto.

Mweka hazina atenge fedha za dharura kabla ya kununua hata kofia moja. Na muandike kwenye kumbukumbu za mkutano: anayerudi hadaiwi. Hatozwi faini, hachekwi, hapunguziwi haki yake katika chama. Mtu anayeogopa deni ataficha maumivu ya kichwa mpaka aanguke. Lakini akijua wenzake wamemruhusu kurudi, atasema mapema, na wote watashuka salama. Mpanda ngazi hushuka, na kilele kitakuwepo mwaka ujao.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Tumechagua mwezi huu kwa sababu ya hali ya mlima, au kwa sababu akiba imetimia?
2. Ni nani mwenye mwendo wa pole kuliko wote? Je, yeye ndiye atakayetangulia, ili wengine wafuate mwendo wake?
3. Tutageuka saa ngapi, na ni nani mwenye neno la mwisho?
4. Fedha za dharura ni kiasi gani, na atazibeba nani?

Jibuni haya yote kabla ya kulipa nauli.