Cheti cha Siku Mbili: Mafunzo ya Wahadhiri na Barabara ya Muhoro



Tangazo la mhadhara huu lilisema nitazungumzia kilimo cha mlau katika bonde la Rufiji. Nitakifikia. Ila kuna kauli ninayoisikia mno siku hizi, na mara ya mwisho niliisikia kikaoni, kwa mwenzangu ninayemheshimu, nikaona afadhali niijibu hadharani. Kauli yenyewe ni hii: kufundisha ni mbinu, na mbinu ni mbinu. Mwoneshe mhadhiri jinsi ya kuandika malengo ya somo, kugawa darasa makundi na kutunga mtihani unaopima alichofundisha, basi umemaliza. Awe mhandisi, awe mwanafasihi, ni yale yale. Utafiti nao vivyo hivyo, na uandishi wa makala pia. Kwa hiyo tuandae warsha moja nzuri ya siku mbili, tuizungushe vyuo vyote, tugawe vyeti, na mwisho wa mwaka tuvihesabu. Kikao kikampigia makofi ya kilo.

Mvuto wake nauelewa. Vyeti vinahesabika, na mtoa fedha hutaka idadi. Ulikuja mradi wa elimu ya juu wa HEET, wenye dola milioni 425 za mkopo wa Benki ya Dunia, na sehemu ya fedha hizo ilikuwa ya kuwaendeleza wahadhiri. Ipo pia PedaL, programu ya ufundishaji vyuoni iliyoratibiwa na shirika la PASGR kutoka Nairobi, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni miongoni mwa washirika wake. Juhudi hizo sizibezi. Ninachopinga ni hilo la mbinu ni mbinu, na mtoto wake, yaani siku mbili.

Mwenzangu aliegemea utafiti wa Graham Gibbs na Martin Coffey wa mwaka 2004. Ni utafiti mzuri, na laiti wanaoutaja wangeusoma mpaka mwisho. Walifuatilia mafunzo ya wahadhiri katika vyuo vikuu 22 vya nchi 8, wakawalinganisha waliofunzwa na wasiofunzwa. Waliofunzwa walipanda machoni pa wanafunzi wao na wakapunguza tabia ya kumwaga maelezo tu. Wasiofunzwa walielekea kurudi nyuma. Hapo ndipo nukuu za warshani huishia. Lakini mafunzo yaliyopimwa yalikuwa ya saa 60 hadi 300, yaliyotandazwa kwa miezi 4 hadi 18. Siku mbili zetu, ukitoa mgeni rasmi, utambulisho, chai ya saa nne, chakula, sala na foleni ya kusaini posho, zinabaki saa nane, tena tukiwa na bahati. Anayetetea saa 8 kwa ushahidi wa saa 300 ni kama mgonjwa aliyemeza kidonge kimoja cha dozi ya wiki nzima, kisha akarudi hospitali kuidai afya yake.

Hilo la muda ni jepesi. Gumu zaidi ni dai kwamba mbinu yaweza kung'olewa kutoka katika jambo lenyewe na kubebwa mkobani. Na hapa ndipo naingia Chumbi, katika bonde la Rufiji.

Sitawachosha na watafiti wa bonde hili, Telford wa 1929, Marsland wa 1938, Sandberg wa 1974, Bantje wa 1980 wala Havnevik wa 1993. Waliofanya kazi Rufiji wanawajua wote, na wengine wanaweza kuwatafuta maktaba. Kwa asiyelijua bonde, inatosha kusema kwamba mto kwa desturi hufurika kati ya Machi na Mei. Maji yakishashuka, mkulima hupanda mahindi na kunde katika udongo mpya wenye unyevu wake, bila kungoja mvua. Huo ndio mlau. Mpunga wake alikwisha kuupanda mapema kwa mvua za mwanzo, ili gharika iukute umesimama. Shamba hulindwa dhidi ya nguruwe, kiboko na ndege, mlinzi akiwa juu ya dungu. Serikali ilipowahamishia watu sehemu za juu baada ya mafuriko ya 1968, katika ile Operesheni Rufiji, nyumba zilihama, lakini madungu yaliendelea kusimama bondeni.

Miaka kadhaa iliyopita nilipeleka wanafunzi wa uzamili Chumbi. Walikuwa wametoka kwenye warsha ya mbinu za utafiti, dodoso lao limekaguliwa, limepitishwa, limeingizwa kwenye vishikwambi. Binti mmoja akaketi mkekani na bibi mmoja, akaamkia vizuri, akaitikiwa, akasoma: "Bibi, shamba lako lina ekari ngapi?"

Bibi akamtazama kwa huruma. "La mwaka gani, mjukuu wangu? Na ni kabla ya maji au baada ya maji?"

Kishikwambi kinataka namba. Binti akarukia swali la pili: shamba ni lako au umekodi? Bibi akaeleza kwamba kipande cha juu ni cha marehemu mumewe, cha bondeni analima kwa ridhaa ya shemeji yake, na mwaka ule mto ulikuwa umekula nusu ya hicho cha bondeni na kutupa mchanga kwenye nusu iliyobaki. Mpunga ulipandwa palepale utakapokaa mlau, sasa hapo ahesabu shamba moja au mawili? Hakukuwa na kisanduku cha kuyatia yote hayo. Najua wadodosaji wengi ambao wangeandika "ekari 2" wakaenda nyumba ya pili, na ekari hizo mbili zingeishia kwenye jedwali, na jedwali kwenye sera. Yeye alizima chombo akaomba kalamu. Jioni tulikaa chini ya mwembe tukalivunja dodoso zima, swali kwa swali, mjumbe wa kijiji akitusahihisha.

Sasa, warsha ilimfundisha binti yule kwamba swali la utafiti liwe fupi, liwe wazi, lisibebe mambo mawili. Swali lake lilikuwa fupi, wazi, na halikubeba mambo mawili. Alichokosa ni mlau, na mlau haufundishwi kwenye ukumbi wenye viyoyozi na bango kitita.

Kuhusu uandishi nitasema kwa ufupi. Kila mwaka tunaitwa warsha za kuandika makala. Mwezeshaji anaonesha sehemu za makala, utangulizi hadi hitimisho, na washiriki wengi wamekuja mikono mitupu, bila hata ukurasa mmoja wa rasimu. Wanafundishwa kushona na kitambaa hakipo. Hata Wendy Belcher, ambaye kitabu chake cha mwaka 2009 kinaahidi makala kwa wiki 12, anamtaka mwandishi akae na rasimu moja ileile kwa wiki zote hizo. Na nikiri upande wa pili: CARTA, iliyoanza mwaka 2008 chini ya uongozi wa kituo cha utafiti cha APHRC cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, huwaita watahiniwa wa uzamivu kwenye semina mara nne katika safari yao, kila mara kwa wiki kadhaa. Hiyo naiheshimu. Lakini tazameni kinachoifanya iwe nzuri: mtu anarudi na kazi yake ileile, ikiwa imekua.

Sasa nifike kwenye kisa ambacho wanafunzi wangu hucheka kabla sijakitaja.

Mwaka 1968, Idara ya Historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo bado tawi la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, ilituma wanafunzi wake vijijini kuwahoji wazee walioishi wakati wa Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani. Wasimamizi walikuwa John Iliffe na Gilbert Gwassa. Iliffe alikuwa amechapisha makala yake kuhusu vita hivyo mwaka uliotangulia, akiegemea sana nyaraka za Wajerumani. Gwassa alikuwa mtu wa njia za vijijini: Umatumbi na Ngarambe, ambako mganga Kinjikitile Ngwale aligawa maji ya dawa. Chumbi kwenda Muhoro ni karibu, na Muhoro ndipo Wajerumani walipomnyonga Kinjikitile tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya vita kulipuka. Mtu aliyekuwa kijana wakati huo, mwaka 1968 alikuwa mzee anayeweza kukuonesha kwa kidole.

Kazi ile ilipigwa chapa, ikatolewa nakala kwa stensili, ikakusanywa kama karatasi za mradi. Nikizifungua kila mwaka na darasa jipya, herufi zimefifia pembeni, na kuna kurasa ambazo mashine ya taipu imekwama ikatoboa karatasi. Waandishi ni wanafunzi wa shahada ya kwanza. Wanampima mzee mmoja kwa mwingine, nyaraka kwa simulizi, na wanaandika kama watu wanaojua kwamba kuna atakayewasoma. Hakuna aliyewaambia "leo tunajifunza mbinu, kesho mtafanya utafiti". Mbinu walijifunza kwa sababu kulikuwa na mzee wa kwenda kumwona wiki ijayo, na wazee walikuwa wanakufa.

Na walimu walifundishika. Mwaka uleule Gwassa na Iliffe walitoa kitabu kidogo cha kumbukumbu za vita hivyo. Mwaka 1972 Gwassa alichapisha sura yake juu ya Kinjikitile na itikadi ya Maji Maji, na mwaka 1973 akakamilisha tasnifu yake ya uzamivu. Ebrahim Hussein alichapisha Kinjeketile mwaka 1969. Sisemi tamthiliya ile ilizaliwa na mradi. Nasema iliandikwa katika chuo ambacho habari za mganga wa Ngarambe zilizungumzwa kantini.

Kasoro zake zipo, na wenzangu wa historia watanikaba nisipozitaja. Mradi ulikuwa na miwani ya utaifa: ulitafuta umoja wa watu dhidi ya mkoloni, na mara nyingi uliukuta. Thaddeus Sunseri alionesha jinsi njaa, nguruwe pori na kazi za wanawake zilivyosukumwa pembeni katika masimulizi yale. Jamie Monson na James Giblin walihariri kitabu kizima mwaka 2010 kuuondoa ukungu wa miwani hiyo. Nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Lakini waliwezaje kuyasahihisha maandishi ya wanafunzi wa 1968? Yalikuwepo! Yalibeba ushahidi zaidi ya tafsiri ya walioyaandika. Mniletee warsha ya mwaka 2010 ambayo mabango yake kitita yatabishaniwa na wanahistoria mwaka 2050, nami nitaomba radhi mbele ya kikao kile.

Mwenzangu atasema enzi zile wanafunzi walikuwa wachache, leo darasa lina mamia. Kweli. Ataongeza kwamba vijiji havifikiki kirahisi: kuna kibali cha utafiti cha COSTECH, kuna barua ya mkoa na ya wilaya, na katika miaka ya mauaji yaliyotokea wilayani Kibiti, 2016 na 2017, mgeni mwenye daftari alitiliwa shaka na polisi na wanakijiji pia. Kweli tena. Ila sijasema twende na mamia. Nasema waende wahadhiri, walewale ambao leo tunawaita washiriki.

Na waende na rasimu. Hapa naingia kwenye lile ambalo wengine huliita wazimu wangu: kila utafiti juu ya bonde hili usomwe kwa Kiswahili, barazani, kabla haujapelekwa jaridani. Mwaka 2012 Betsy Beymer-Farris na Thomas Bassett walichapisha makala kali kuhusu mpango wa kaboni katika mikoko ya delta ya Rufiji na hatima ya wakulima wa mpunga humo. Mwaka 2013 wataalamu wengine wakawajibu katika jarida hilohilo. Ulikuwa mjadala mzito, na wote ulifanyika kwa Kiingereza, juu ya watu ambao mpunga wao ndio uliokuwa ukibishaniwa. Mhakiki wa Ulaya atakusahihishia takwimu. Hawezi kukuuliza kama ni kabla ya maji au baada ya maji.

Nimepima pingamizi. Mwenyekiti wa kijiji akikaa mbele, watu watanyamaza. Mgogoro wa ardhi unaweza kuwashwa na aya moja. Aliyetoa siri anaweza kutambulika. Haya yote yana dawa: vikao vidogo, wanawake peke yao, majina yaondolewe, mambo mengine yasisomwe kabisa. Lile pingamizi kwamba Kiswahili hakitabeba hoja silijibu tena. Idara ya Kiswahili ya Dar es Salaam ilianza kufundisha kwa Kiswahili mwaka 1970, na jarida la Mulika lilianza mwaka 1971.

Pendekezo langu ni la bei nafuu. Fedha za warsha moja ya hoteli zikodi basi mwezi Julai, mahindi ya mlau yakiwa shambani. Wahadhiri kumi, kila mmoja na rasimu yake, wiki nzima Chumbi. Asubuhi tunasomana sisi kwa sisi na kukata. Alasiri anayehusika anasoma kwa wenyeji. Wiki hiyo irudiwe baada ya miezi sita kwa rasimu zilezile. Posho ya kikao walipwe wanaotusikiliza, kwa kuwa wao ndio watakaokuwa wameacha madungu bila mlinzi. Sisi mshahara tunao.

Mtu ataniuliza kama wiki hiyo itahesabiwa kwenye kupanda cheo. Kwa sasa fomu ina safu ya vyeti vya mafunzo na haina safu ya kusoma barazani. Fomu hiyo hupitiwa upya na Seneti, na wajumbe wake wapo mstari wa mbele hapa. Hoja yangu nimeshaichapa, nakala ziko kwa katibu mlangoni.