Mtoto Anayesomea Nyumbani Naye Anataka Kucheza
Hotuba kwa wazazi, Port Victoria, Bunyala



Kuna watoto ambao hawaonekani gwarideni asubuhi. Mmoja hufundishwa na mamake sebuleni kwa sababu wazazi wameamua hivyo. Mwingine ana ugonjwa wa selimundu, na mwili haumruhusu kufika darasani kila siku. Jioni wote wawili husikia filimbi ya mwalimu wa michezo kutoka uwanja wa shule, na swali lao ni moja: je, naweza kwenda?

Jibu la timu rasmi ni gumu. Timu inayoshindana hadi kitaifa huchukua wanafunzi waliosajiliwa katika shule hiyo, na usajili huthibitishwa. Mwalimu mkuu anayeingiza jina la nje anahatarisha timu nzima, kwa hivyo asilaumiwe akikataa.

Sheria nayo ni kali. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi kumwandikisha mtoto na kuhakikisha anahudhuria shule; adhabu yaweza kuwa faini ya hadi shilingi 100,000, kifungo cha hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Mzazi anayefundisha nyumbani kwa hiari yake na apate ushauri mapema katika ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Kwa mtoto mwenye ulemavu mlango uko wazi zaidi: sera ya kitaifa ya 2018 kuhusu wanafunzi wenye ulemavu inatambua masomo ya nyumbani.

Kwingine wamelitatua kwa sheria. Jimbo la Florida, Marekani, liliruhusu mwaka 1996 watoto wanaosomea nyumbani kuchezea shule za umma. Tim Tebow alipita njia hiyo hadi akawa nyota. Kenya haijafika hapo.

Kaunti yenyewe haiwezi kumwamuru mwalimu mkuu. Chini ya Katiba ya 2010, shule za msingi na sekondari ziko mikononi mwa Serikali ya Kitaifa. Lakini viwanja vya umma, utamaduni na maktaba ni kazi ya kaunti, na huko hakuna anayeuliza sare. Timu ya mtaa haimdai mtoto nambari ya usajili wa shule. Mwenye selimundu aanze na ushauri wa daktari, maana kukimbia sana kunaweza kumletea maumivu. Kwaya na ngoma pia ni mchezo.

Hili si jambo la kupitisha wakati tu. Katika sekondari ya juu, Sanaa na Sayansi ya Michezo ni mojawapo ya njia tatu za masomo. Mtoto ambaye hajawahi kucheza na wenzake ataichaguaje?

Mazoezi ya kirafiki shuleni, yasiyo ya mashindano, yanaweza kuzungumzwa. Mzazi amwandikie mwalimu mkuu, aeleze hali ya mtoto, na wakubaliane kwa maandishi nani atagharimia matibabu mtoto akiumia.